Kabla hujailaumu spika: kutafuta chanzo cha ubovu kwenye sabufa na redio ya nyumbani

Wanaokuja kwa fundi husema "spika imekufa", na mara nyingi spika waliyoibeba ni nzima. Kilichokufa ni waya, au pini, au upande mmoja wa amplifaya. Wengine spika yao kweli imeungua, ila kilichoiunguza kimebaki nyumbani kinaisubiri spika mpya. Mtu akinunua nyingine Kariakoo au Luthuli Avenue bila kujua hilo, fedha yake inaweza kuteketea jioni hiyohiyo. Ndiyo maana ninasisitiza: thibitisha kwanza kwamba spika ndiyo mbovu, na ikiwa imeungua, mtafute aliyeiunguza.

Maelezo haya yanafaa kwa sabufa yenye boksi kubwa na spika ndogo pembeni, na pia kwa amplifaya iliyo peke yake na maboksi mawili. Ndani, spika zote hizi ni ndugu. Kuna koili ya waya mwembamba inayoelea kwenye uwazi mdogo wa sumaku, na koili hiyo imegandishwa kwenye karatasi. Muziki ukiingia kama umeme, koili husogea mbele na nyuma, nayo karatasi husukuma hewa. Wahandisi Rice na Kellogg waliueleza muundo huu kule Marekani mwaka 1925, na fundi wa leo bado anahangaika na sehemu zilezile.

Utahitaji bisibisi, tochi, betri moja ya volti 1.5 na mita ya kupimia umeme. Ya bei ndogo inatosha. Kila unapotaka kufungua au kuhamisha waya wa spika, zima mashine na uichomoe kwenye soketi. Ncha mbili za waya zikigusana amplifaya ikiwa inafanya kazi, zinaweza kuua upande mzima wa amplifaya kufumba na kufumbua.

Kipimo cha kwanza: badilisha pande

Hiki hakihitaji kifaa chochote, na kwangu ndicho kipimo bora kuliko vyote. Tuseme spika ya kushoto imenyamaza. Zima. Zifuate nyaya hadi nyuma ya spika zenyewe, ichomoe ya kushoto na uiweke pale ilipokuwa ya kulia, na ya kulia uilete kushoto. Washa kwa sauti ndogo.

Spika ileile ikiendelea kunyamaza hata baada ya kuhamia upande uliokuwa unalia, ubovu ni wake. Lakini ikianza kuimba, na ile iliyokuwa nzima sasa ikanyamaza upande wa kushoto, basi spika zako zote mbili ni nzima. Tatizo liko nyuma yake: waya, amplifaya au chanzo cha muziki.

Ili kutenganisha hivyo vitatu, zima tena na ubadilishe nyaya kwenye amplifaya. Kimya kikibaki kwenye spika ileile, ubovu umehama pamoja na waya wake, na waya ndio mbovu. Kikihamia spika ya pili, waya ni mzima; badilisha pini nyekundu na nyeupe zinazoleta muziki kutoka kwenye televisheni au simu. Kimya kikihama sasa, chanzo au waya wake ndio wenye shida. Kikibaki palepale, amplifaya inaumwa upande mmoja.

Fanya kipimo hiki hata kama unaamini umeshajua jibu. Mimi kimenisahihisha mara nyingi.

Upande mmoja hautoi sauti kabisa

Anza na vinavyotokea sana. Kitufe cha balansi huenda kimesukumwa upande mmoja, mara nyingi na mtoto. Simu nazo zina balansi yake ndani ya mipangilio ya usikivu, na watu wengi hawajui kuwa ipo. Jeki ya AUX isiyoingia hadi mwisho hutoa upande mmoja tu; isukume hadi usikie imekaa.

Kisha waya. Kwa tunaoishi karibu na bahari, shaba huota ukungu wa kijani na kuacha kupitisha umeme ingawa inaonekana imeshikwa vizuri. Kata ncha iliyooza, menya upya sentimita moja, sokota nyuzi zote pamoja na uzirudishe kwenye kibanio bila hata uzi mmoja kuchungulia nje. Kwenye sabufa, tazama pini ya spika ndogo. Watu huivuta kwa kushika waya badala ya kushika pini, na waya hukatika ndani ya plastiki pasipoonekana. Itikise pini taratibu muziki ukilia kwa chini. Sauti ikija na kupotea, umeshaukamata ugonjwa. Panya pia hutafuna nyaya zilizopita nyuma ya kabati, kwa hiyo ufuate waya wote kwa vidole na tochi.

Ikiwa kipimo cha kubadilisha pande kimeihukumu spika, sasa mita. Iweke kwenye ohm, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi zenyewe, kisha gusa vituo viwili vya spika iliyochomolewa, pale nyaya zake zinapofungwa. Spika iliyoandikwa ohm 8 nyuma yake husoma kama 6 au 7, na ya ohm 4 husoma kama 3 na kitu. Usishtuke kuona namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mita isiposoma chochote, njia imekatika mahali. Ikisoma karibu na sifuri, koili imegusana au kuna waya umegusana ndani ya boksi, na spika hiyo isirudishwe kwenye amplifaya hata kwa dakika moja.

Huna mita? Chukua betri ya volti 1.5 na waya mfupi, uguse vituo vya spika kwa nukta moja kisha uachie. Spika nzima ya besi itasema "tup" na karatasi itaruka kidogo. Kimya kabisa maana yake njia imekatika.

Usikimbilie kusema koili imeungua. Fungua skrubu, itoe spika na uangalie nyuma ya karatasi: kuna nyuzi mbili laini zilizosukwa zinazotoka kwenye vituo kwenda kwenye karatasi. Hizo hupinda kila besi inapopiga, na baada ya miaka hukatika pale zinapoingia kwenye karatasi au pale zilipochomewa risasi. Hilo linatengenezeka kwa bei ndogo. Angalizo moja: nyuzi hizo hubadilishwa kwa nyuzi za aina hiyohiyo, laini na zilizosukwa. Nimeona spika zilizowekewa waya mgumu wa kawaida. Zinaimba vizuri siku ya kwanza, kisha mtikisiko unaukata waya na kazi inaanza upya.

Nyuzi zikiwa nzima na mita bado haisomi, inusie spika katikati. Koili iliyoungua ina harufu kali ya rangi na gundi iliyochomeka, na haiondoki upesi. Fundi wa kusuka koili anaweza kuifufua spika kubwa yenye sumaku nzuri. Kwa spika ndogo za sabufa, nunua nyingine yenye ukubwa na ohm zilezile, lakini usiifunge kabla hujasoma sehemu ya spika inayoungua tena na tena hapo chini.

Inakoroma, inakwaruza au inachanachana sauti

Weka wimbo mwingine unaoujua vizuri, kwa sauti ya chini. Nyimbo nyingi zinazotumwa kwa simu zimebanwa hadi sauti ikaharibika, na hakuna fundi atakayeitengeneza. Kisha punguza besi kwenye programu ya simu. Ukiongeza besi kwenye simu, ukaongeza tena kwenye sabufa, unaiomba spika isichokuwa nacho.

Spika zote zikikoroma sawasawa, elekeza macho kwenye amplifaya au chanzo. Ikiwa ni moja, gusa vitu kabla ya kufungua: wavu wa mbele, skrubu zilizolegea, picha ya ukutani, glasi za kabatini, rimoti iliyolala juu ya boksi. Weka kiganja kwenye kila kimoja besi ikipiga. Mkoromo ukikatika chini ya kiganja chako, kazi imeisha.

Ukiendelea, zima, ondoa wavu, na weka vidole vya mikono miwili pande mbili za karatasi, karibu na katikati. Sukuma ndani polepole na kwa usawa, kisha achia, sikio likiwa karibu. Isogee kimya kama kifua cha mtu aliyelala. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili inagusa sumaku. Kwa twita, ile spika ndogo ya sauti kali, usijaribu. Utando wake haustahimili kidole.

Hapa pwani chanzo kikubwa cha mkwaruzo ni sponji. Ukingo unaoishika karatasi kwenye fremu ukiwa wa sponji, joto na unyevu huula taratibu, wakati ule wa mpira hudumu zaidi. Kwa macho unaweza kuonekana mzima. Uguse kwa ncha ya kidole: ukikuachia unga mweusi unaonata, au ukimeguka kama keki, umekwisha. Karatasi iliyokosa kushikwa huyumba, koili inaanza kusuguana na chuma, na ukiendelea kupiga muziki utaiua koili ambayo mpaka sasa ni nzima. Zima leo. Usisubiri sherehe ipite.

Spika ya namna hii haitupwi, na inaniuma kila nikiona imetupwa. Nunua ukingo mpya wenye vipimo vya fremu yako na vya karatasi yako. Pima vyote viwili, maana inchi 8 ya kampuni moja si lazima iingiane na ya nyingine. Kwangua mabaki na gundi ya zamani kwa subira, bila kuiloanisha karatasi. Bandika ukingo kwenye karatasi kwanza, uache ukauke. Halafu paka gundi kwenye fremu, na kabla haijashika, sukuma karatasi kwa vidole kama nilivyoeleza, uisogeze kidogo kidogo huku na huku mpaka isogee bila mkwaruzo wowote. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Ukikosea kwa milimita moja, koili itakwaruza maisha yake yote. Acha hadi kesho yake ndipo uijaribu. Spika yako ikiwa ya thamani na hujawahi kufanya kazi hii, ipeleke kwa fundi ukaangalie anavyofanya, kisha uanze na spika ya bei ndogo.

Karatasi iliyochanika kidogo hufungwa kwa gundi nyeupe ya mbao na kipande chembamba cha karatasi laini, mbele na nyuma. Usiweke gundi nyingi, uzito hubadilisha sauti.

Mkwaruzo upo na ukingo ni mzima? Uliza kama boksi liliwahi kuanguka. Sumaku ikihama mahali pake, au koili ikipinda kwa joto, nyumbani hakuna dawa.

Sauti ipo lakini besi imepotea

Hili hutokea sana baada ya kuhama nyumba au kupanga sebule upya, na karibu kila mara ni nyaya zilizogeuzwa. Spika moja ikiwa na nyekundu kwenye nyekundu na nyingine imegeuzwa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Besi hufutana katikati ya chumba, na sauti ya mwimbaji inakuwa kama haina mahali. Fuata mstari au rangi ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama nyaya zote zinafanana, betri itakuambia: chanya kwenye nyekundu, karatasi ya spika nyingi huruka mbele. La muhimu ni kwamba zote mbili ziruke upande mmoja.

Ukishasawazisha hilo, chungulia kwa tochi tundu la hewa la boksi. Nimekuta humo soksi za watoto na kiota cha panya. Boksi lililoachana kwenye maungio nalo hupoteza besi na kupuliza kama filimbi. Gundi ya mbao na vibanio vinatosha. Kulisogeza boksi karibu na ukuta au kona huongeza besi bila gharama yoyote.

Besi ipo, maneno hayasikiki vizuri

Hapa twita imenyamaza. Weka sikio karibu nayo. Nyuma yake huwa kuna kapasita inayozuia besi isipite, na hiyo ikifa twita hufa njaa. Badilisha kwa yenye namba ileile ya mikrofaradi, isiyo na upande wa chanya na hasi. Fundi akikwambia anaweza kuiunganisha twita moja kwa moja bila kapasita, kataa. Itaungua kwa besi.

Koili ya twita yenyewe huweza kuungua kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Sauti inapoanza kuchanika kwa sababu amplifaya imefika mwisho, mawimbi yake hukatwa vichwa na kujaa nguvu za sauti kali ambazo nyingi huishia kwenye twita. Sauti ikichanika, punguza hapohapo.

Inaunguruma hata muziki ukiwa umesimama

Spika si mkosaji hapa, inasema tu inachoambiwa. Chomoa waya wa muziki nyuma ya mashine. Mngurumo ukiisha, umetoka kwenye waya, chaja ya simu au king'amuzi. Chomoa kimoja kimoja, na jaribu kuvichomeka vyote kwenye soketi ya pamoja.

Ukibaki vilevile hata bila waya wowote, kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka. Hapo acha. Ndani kuna volti 230, au 240 ukiwa Kenya, na kapasita hizo hutunza umeme hata baada ya kuchomoa. Ni kazi ya fundi.

Inakatakata

Zungusha kitufe cha volyumu. Kikitoa mkwaruzo wa vumbi, kinahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Mafuta ya kupikia wala ya baiskeli hayafai. Ikiwa upande mmoja hupotea kwa sauti ndogo na hurudi kwa kishindo ukiongeza, rilei ya kutolea sauti, yaani swichi ya ndani inayojiwasha kwa umeme, imechafuka ndani, nayo hubadilishwa na fundi. Mashine ikiwaka kisha ikajizima au ikaonyesha taa ya PROTECT, chomoa spika zote uiwashe tena. Ikitulia, kuna waya uliogusana au spika iliyoungua. Isipotulia, ubovu ni wake.

Spika mpya inaungua tena

Nilipokuwa najifunza kazi nilifunga spika mpya ya besi kwenye mashine ya jirani yetu. Karatasi ikaruka mbele, ikabaki imesimama hivyo, na kabla sijauliza kwa nini, moshi. Nikafikiri nimeuziwa mbovu. Nikafunga ya pili. Nayo ikaenda. Nililipa zote mbili kwa fedha yangu, na tangu hapo sifungi spika bila kipimo kimoja.

Kipimo chenyewe: spika zikiwa zimechomolewa, volyumu sifuri, weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, na uguse vituo viwili vya upande mmoja wa kutolea sauti, chekundu na cheusi. Amplifaya nzima husoma milivolti chache, kwa kawaida chini ya 50. Ikizidi 100, ina shaka. Ikisoma volti kamili, transista au IC ya kutolea sauti (vipande vya ndani vinavyokuza muziki) imekufa na mashine hiyo itaua kila spika utakayoipa. Volti 20 zilizosimama kwenye koili ya ohm 6 ni zaidi ya wati 60 za joto tupu, na koili iliyosimama haipati hata upepo wa kuipoza. Kwa macho, dalili ni ile niliyoiona bila kuielewa: karatasi inaruka upande mmoja ukiwasha na hairudi.

Mashine ikiwa safi, tazama mzigo. Spika mbili za ohm 4 zikiunganishwa sambamba kwenye kituo kimoja hubaki ohm 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi. Usiunganishe pia nyaya nyeusi za pande mbili pamoja, mashine nyingine hufa kwa hilo.

Na usiziamini wati zilizoandikwa mbele ya sabufa kwa herufi kubwa. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Mashine inayokula wati 60 ukutani haiwezi kumimina wati 1,000 kwenye spika.

Usiendelee mwenyewe

Ukiona moshi au harufu ya kuungua, chuma cha mashine kikikupiga shoti, fyuzi ikikatika mara ya pili baada ya kubadilishwa, kapasita ikiwa imevimba kichwa, au mashine ikiwa imeingiwa na maji, chomoa na usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Usiweke waya badala ya fyuzi. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu mashine ikakataa kuwaka, usiifungue kutafuta kilichoungua. Mjusi aliyeungulia kwenye bodi naye mwachie fundi amtoe.

Ukienda kwa fundi, mpelekee mashine pamoja na spika, umweleze ulichopima na ubovu ulihama au haukuhama. Mwombe apime volti za DC mbele yako kabla ya kufunga spika, na akurudishie kile alichokitoa.